Damu haigandi au tyubu ndo mbovu? Jaribio la kuganda damu kitandani, mwongozo kamili

Haya jamani, swali limekuwa lile lile kwaiyo naliandikia mara moja kwa urefu. Mtu anasema damu ya mzazi (mama aliyejifungua) haikuganda, kapewa rufaa mbio mbio, kufika spitali kubwa maabara inasema kuganda kuko sawa. Mwengine kinyume chake, damu iliganda vizuri tu kwenye tyubu na mzazi akaendelea kumwaga mpaka akazimia. Nikiuliza ulitumia tyubu gani na uliishika vipi, hapo ndo mambo yanatoka: ya plastiki, ya kizibo cha zambarau, kichupa cha sindano kilichooshwa kwa sabuni, iliachwa dirishani chini ya feni, ilitikiswatikiswa "kuona kama tayari".

Jaribio lenyewe ni kutia damu ya mgonjwa kwenye tyubu ya kioo na kuona kama itaganda ndani ya dakika maalumu. Halitaki umeme wala mashine, unaweza kulifanya kisiwani Kojani, Pemba, sawa sawa na linavofanywa spitali kubwa ya Mnazi Mmoja, Unguja. Huo wepesi ndo unaowaponza watu, mana wanaona kitu rahisi hakina masharti. Masharti yapo, machache, na ukivunja moja jibu lote linaharibika.

Nimewaandikia wakunga, manesi, matabibu wa vituo na wanafunzi wa maabara. Kama wewe ni jamaa wa mgonjwa soma ujue nini kinafanyika, ila usijaribu kuchota damu ya mtu nyumbani. Na pahala ambapo utaratibu wa kituo chako unatofautiana na dozi nilizoweka hapa, fuata wa kituo chako.

## Vitu vya kutayarisha

- Tyubu mbili za kioo, mpya, kavu, safi, hazina dawa yoyote ndani. Ukubwa mzuri ni milimita 10 kwa 75, zile nyembamba fupi.
- Sirinji ya mililita 5 au 10 na sindano yake, au kanula (kile kijibomba cha kubaki mshipani) kama ndo unaiweka.
- Glavu, pamba, spiriti, mpira wa kufungia mkono.
- Saa. Ya simu inatosha, ila iwe na sekunde.
- Plasta na kalamu ya kuandikia jina na saa juu ya tyubu.
- Sefti boksi ya kutupia sindano, iwe karibu na mkono wako, sio kule mlangoni.
- Mtu wa pili. Huyu wengi wanamsahau. Mtu mmoja hawezi kukandamiza mfuko wa uzazi, kufungua dripu na kushika tyubu dakika saba, hata awe hodari vipi.

Sasa hii habari ya kioo niikazie kidogo, mana asilimia kubwa ya matatizo yako hapa. Damu ikigusa kioo, uso wa kioo wenyewe unaamsha protini moja ya damu inayoitwa fakta ya 12, hiyo inaamsha mwenzake, mwenzake anaamsha mwengine, mpaka inapatikana thrombini ambayo inaigeuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini, na nyuzi ndo zinashika bonge. Plastiki haiamshi hivo, kwaiyo damu ya mtu mwenye afya kabisa inaweza kukaa majimaji ndani ya plastiki muda mrefu ukadhani ana tatizo. Kioo kilichooshwa kwa sabuni nacho kimeharibika, mana sabuni inabakisha utando usiouona na ule uso hauamshi tena. Ndo mana nasema mpya. Ukishaitumia, itupe.

Tyubu za vizibo vya rangi ziacheni kabisa kwa kazi hii. Zambarau ina EDTA, bluu ina sitreti, zote mbili zinaikamata kalsiamu na bila kalsiamu damu haigandi hata usubiri mpaka magharibi. Kijani ina heparini, nayo inazuia kuganda. Kijivu nayo ina dawa ya kuzuia kuganda. Njano ina jeli chini, huwezi kusoma kitu. Nyekundu ndo inayodanganya zaidi, mana watu wanasema "hii haina dawa", wakati nyekundu nyingi za siku hizi ni plastiki iliyopakwa unga wa kuharakisha kuganda. Humo hata damu dhaifu inaweza kuonekana imeganda, na wewe ukatulia wakati hupaswi kutulia.

## Hatua ya 1: Mtizame mgonjwa kwanza, tyubu baadae

Kabla hujagusa tyubu jiulize mgonjwa kaingia shoki, yaani damu haifiki ya kutosha viungoni, au bado. Tizama haya: mapigo ya moyo 110 kwa dakika na kwenda juu, presha ya juu (ile namba ya kwanza) chini ya 90, ngozi ya baridi yenye jasho, weupe wa kope na viganja na midomo, pumzi 30 na zaidi kwa dakika, mtu anahangaika au anajibu ovyo au kalegea, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa. Bonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe khalafu achia, rangi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi basi damu haifiki vizuri pembeni. Angalia pia yule mwenye maambukizo makali, huyu mwanzoni ngozi inaweza kuwa ya moto na kavu na bado akawa yupo kwenye shoki, usidanganyike kwa kuwa hajawa baridi.

Presha peke yake inachelewa kusema ukweli. Mwanamke kijana mwenye afya mishipa yake inabana, moyo unaenda mbio, presha inasimama 110 kwa 70 huku damu inakwisha, afu ikianguka inaanguka kwa mpigo mmoja. Kwaiyo fanya hesabu hii ndogo: gawa mapigo kwa presha ya juu. Mapigo 80 kwa presha 120 inatoka kama 0.7, sawa. Mapigo 120 kwa presha 100 ni 1.2, hapo tayari tatizo ingawa presha "nzuri". Kuanzia 0.9 uwe macho, kufika 1.7 ni khatari kubwa mno.

Na damu pimeni, msikisie. Sisi huku mzazi analazwa juu ya kanga tatu nne, damu inanyonywa yote, mtu anaangalia anasema "kidogo tu". Kanga iliyolowa ipime kwenye mizani utoe uzito wake ikiwa kavu, gramu moja ni kama mililita moja ya damu. Kama kuna ule mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo unaowekwa chini ya mzazi, utumie. Utafiti mkubwa uliotoka 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulionesha kwamba kupima damu kwa mfuko huo na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kungojana kulipunguza kumwaga damu kukubwa, pamoja na kupasuliwa na vifo vya damu, kwa asilimia 60. Kikubwa humo ni kuijua damu mapema na mikono kuanza kazi mara moja, dawa zilikuwa ni zile zile tu tunazozijua.

Kama yupo shoki au anamwaga, anza haya kabla ya jaribio au sambamba nalo:

Ita watu. Sugua mfuko wa uzazi mpaka ukaze. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi. Traneksamiki asidi, dawa ya kuzuia bonge lisivunjwe, gramu 1 kwenye mshipa polepole kwa dakika 10, ndani ya masaa matatu tangu kuzaa, na kila robo saa unayochelewa faida yake inapungua kama sehemu moja ya kumi, kwaiyo usiiweke "ya baadae tukiona". Kanula mbili kubwa, namba 16 ya kijivu au 18 ya kijani. Mlaze, mfunike, oksijeni kama ipo, mpira wa mkojo.

Ukiwa umefika hapa vizuri: watu wawili au watatu wako kitandani, kila mmoja anajua anachofanya, na hakuna aliyesimama anangojea tyubu.

## Hatua ya 2: Chota damu ile ile ya kanula

Huna haja ya kumchoma mara mbili. Kanula ikishaingia na kabla hujaunga dripu, vuta mililita 5 kwa sirinji. Mbili za jaribio, zilizobaki za kupima grupu na kulinganisha damu. Hapa unaokoa dakika nyingi.

Mambo matatu yanaharibu hatua hii. La kwanza, kuchokonoa. Sindano ikizunguka ndani ya nyama kutafuta mshipa inaokota majimaji ya nyama yanayoharakisha kuganda, utapata bonge zuri la uongo, kwaiyo ukikosa mara moja badilisha pahala na sindano mpya. La pili, kuchota kwenye mkono wenye dripu inayotembea, utakuwa unapima dripu iliyochanganyika na damu. La tatu, kuchota kwenye laini iliyosafishwa kwa heparini. Na mpira wa mkono usiuache umebana muda mrefu, fungua mara damu inapoanza kuja.

Kuna wanaochukua damu iliyomwagika kitandani wakaitia kwenye tyubu. Hapana. Hiyo imeshachanganyika na maji ya uzazi na mengine. Ila itizame kwa macho: kama imekaa kwenye beseni muda na haina hata bonge moja, hiyo ni habari nzito, mwambie kiongozi wa zamu hata kabla ya jaribio.

## Hatua ya 3: Mimina kwenye kioo na uanze saa

Toa sindano kwenye sirinji kwanza, uitie kwenye sefti boksi. Usipitishe damu kwenye tundu dogo kwa nguvu, chembe zinapasuka na povu linatokea. Weka mdomo wa sirinji ukutani mwa tyubu na uache damu iteremke taratibu mpaka mililita 2. Ikizidi sana au ikipungua sana muda wa kuganda unabadilika, kwaiyo kadiria vizuri.

Saa inaanza pale damu inapogusa kioo. Andika dakika hiyo kwenye plasta hapo hapo, usiweke kichwani, mana mzazi akibadilika ghafla kichwa kinasahau kila kitu.

## Hatua ya 4: Ishike kiganjani, na iache

Kwa mzazi anaemwaga damu tunatumia njia ya dakika saba. Tyubu inashikwa ndani ya ngumi, glavu zikiwa mkononi, ipate joto la mwili, kama digrii 37. Sababu ni kwamba zile protini zinafanya kazi polepole kwenye baridi. Chumba cha opresheni chenye eesii, au usiku wa kipupwe feni ikizunguka, tyubu ikikaa mezani itachelewa na utamwandikia mtu tatizo asilokuwa nalo. Kuitia kwenye maji ya moto ya chai nako ni balaa jengine, protini zinaungua.

Dakika nne za mwanzo usiitizame. Kweli, usiitizame kabisa. Kila ukiinamisha unakata nyuzi zinazojaribu kushikana, na mtu akitikisa sana bonge linavunjika halijafika kuwa bonge. Anaeshika tyubu awe ni mtu asie na kazi nyengine ya mikono, hata muhudumu wa usafi aliyefundishwa na kuvaa glavu anaweza.

Dakika ya nne, inamisha taratibu sana upande mmoja. Bado? Rudisha, subiri dakika moja, inamisha tena. Hivo hivo mpaka ya saba.

## Hatua ya 5: Soma jibu

Majibu ni matatu.

Limeganda: unaweza kuigeuza tyubu kichwa chini na hakuna kinachoteremka, bonge limekaa pale pale limeshikana kama faluda iliyotoka kwenye friji. Hii ikitokea kabla ya dakika saba, au kwenye saba, jaribio limepita.

Majimaji: dakika saba zimekwisha na damu inatembea kama ilivoingia. Hapa kuganda kumevurugika, chukulia hivo mpaka kithibitike kinyume.

Bonge laini: limeganda kwa juu lakini ukiinamisha linavunjika vipande, au linateleza na maji mekundu yanamwagika pembeni. Hili ndo linalowachanganya watu na ndo linaloandikwa vibaya, "imeganda kiasi". Hakuna kiasi. Bonge linalovunjika lina maana ile ile ya majimaji, fibrinojeni imepungua, na utamtibu mgonjwa kama alieshindwa kuganda.

Tyubu iliyoganda usiitupe hapo hapo, isimamishe pahala uitizame tena baada ya nusu saa. Bonge lililokuwa gumu likirudi kuyeyuka, mwili unavunja nyuzi zake wenyewe, nalo ni la kuripoti.

## Hatua ya 6: Ile tyubu ya pili

Tyubu ya pili ni ya mtu mzima wa afya. Anaweza kuwa mwenzako wa zamu aliyeridhia, damu yake inaingia kwenye tyubu ya boksi lile lile, inashikwa vile vile. Ya kwake ikiganda na ya mgonjwa isigande, jibu ni la kweli. Zote mbili zikikataa, tatizo ni tyubu na sio mgonjwa.

Najua mtanambia katikati ya dharura nani ana muda wa kumchoma nesi. Sawa, ndo mana mie napendelea hivi: kila boksi jipya la tyubu likifika kituoni, siku ile ile lijaribuni kwa damu ya mfanyakazi mmoja mukiwa mumetulia, muandike juu ya boksi imeganda dakika ngapi. Boksi lililofeli msilitumie. Ukiwa na boksi lililojaribiwa, usiku wa dharura tyubu moja inatosha kuanzia.

## Hatua ya 7: Haikuganda, sasa nini?

Hapa ndo pahala watu wanasimama kuangaliana. Kwanza ujue nini kimetokea ndani. Kwenye hali kama kondo kuachia kabla ya wakati, mtoto aliyefia tumboni siku nyingi, kifafa cha mimba, maambukizo makali ya mfuko wa uzazi, au kumwaga damu kwingi tu, mwili unaanza kugandisha ovyo ndani ya mishipa midogo kila pahala mpaka fibrinojeni na plateleti (chembe ndogo za damu zinazosaidia kugandisha) zinakwisha, afu pale panapohitaji bonge hakuna cha kugandishia. Ndo unaona mtu anatoka damu mpaka kwenye tundu la sindano na kwenye fizi. Kondo likiachia damu inaweza kujificha ndani, nje unaona kidogo, tumbo gumu na linauma, na shoki haifanani na damu unayoiona.

Fanya haya:

Piga simu ya rufaa sasa hivi. Sema maneno haya haya: jaribio la kioo, dakika saba, haikuganda, mapigo kadhaa, presha kadhaa, damu iliyopotea kadhaa, traneksamiki kapewa saa ngapi. Wakisikia hivo huko wanaanza kutafuta damu kabla hamjafika. Ukisema tu "mzazi anatoka damu" watakungojea ufike ndo waanze kupima.

Usimjaze dripu tupu bila hesabu. Lita ya mwanzo inaingia haraka, dakika 15 mpaka 20, hiyo sawa, mgonjwa wa shoki lazima ajazwe. Lakini lita ya tatu ya nne ya maji ya chumvi inazimua ile fibrinojeni chache iliyobaki na inampoza mwili, na mwili wa baridi haugandishi. Anachohitaji ni damu, nzuri zaidi damu nzima iliyotolewa karibuni, au plazma (maji ya damu) na krayo (sehemu ya plazma yenye fibrinojeni nyingi) pahala zinapopatikana. Dripu ikiwezekana iwe ya uvuguvugu, na mgonjwa afunikwe mablanketi hata kama wewe unatoka jasho.

Usimchome sindano za nyama zisizo za lazima, zinamwachia mabonge ya damu ndani ya msuli. Hakuna diklofenaki, hakuna aspirini. Na anaetaka kumpiga ganzi ya mgongo lazima ajue jibu la tyubu kabla.

Endelea kukandamiza. Mikono miwili kwenye mfuko wa uzazi, mmoja ndani mmoja juu ya tumbo, mpaka mnafika. Suruali ya kuzuia shoki, ile inayobana miguu na tumbo, kama kituo kinayo, mvishe kabla ya kutoka.

Chukua ndugu wa kuchangia damu. Mume, kaka, ami, nani, wapande gari ile ile. Mwezi wa Ramadhani hili lina ugumu wake, mtu kafunga sio vizuri kutoa damu mchana, kwaiyo tafuta na wasiofunga kwa udhuru wao na panga wengine baada ya futari mapema, sio mpaka mkwame.

Wa visiwani, Tumbatu, Kojani, Fundo, nyinyi mna jambo la ziada ambalo kwenye vitabu halimo: maji. Yakipwa chombo kinasimama mbali na mgonjwa anabebwa kwa mikono. Kwaiyo kwenu bonge laini tu linatosha kuondoka, msingoje kurudia jaribio mara ya pili huku maji yanatoka. Anaeandika zamu awe anajua maji yanakupwa saa ngapi leo, iwe imeandikwa ukutani karibu na namba ya nahodha.

## Na ikiganda?

Usifurahi mapema. Jaribio hili linakamata pale fibrinojeni ilipoanguka sana, halioni upungufu mdogo, na mtu mwenye plateleti chache anaweza kulipita vizuri. Tena mama mjamzito karibu na kuzaa fibrinojeni yake kwa kawaida iko juu kuliko ya mtu mwengine, kwaiyo ikifika kwenye kiwango cha "kawaida" cha watu wengine yeye ameshapoteza nyingi.

Damu ikiganda na bado anamwaga, tatizo liko pahala pengine: mfuko haukukaza, kuna kipande cha kondo kimebaki, au kachanika. Washa taa, tizama mlango wa uzazi wote, sio kuchungulia. Na damu ikiendelea, jaribio lirudiwe kila nusu saa, mana saa nane iliganda haina maana saa tisa itaganda.

Mwengine aliniuliza kama jaribio hili linaweza kumuonesha mzazi mwenye damu iliyoganda mguuni. Haliwezi. Mguu mmoja uliovimba, unauma, wa moto kuliko mwenzake, au mzazi anaeshikwa na kifua ghafla pumzi zikambana, huyo anakwenda spitali bila tyubu yoyote.

## Kwa aliyetafunwa na nyoka masharti yanabadilika

Hapa watu wanachanganya njia mbili na jibu linakuwa la ajabu. Kwa nyoka unatumia dakika 20, sio saba. Damu ni mililita 2 zile zile, kioo kipya kile kile, ila tyubu inasimamishwa mezani kwenye joto la kawaida la chumba, haishikwi, haiguswi, haitizamwi. Dakika ya 20 unaiinamisha mara moja tu. Ikimwagika, sumu imekula fibrinojeni. Ikishikana, kwa sasa damu iko sawa, ila mgonjwa habebwi kurudi nyumbani, anabaki na jaribio linarudiwa, mana sumu inaweza kuchelewa. Akipewa dawa ya sumu, rudia baada ya masaa sita, ini linahitaji muda kutengeneza fibrinojeni mpya na ukipima mapema utadhani dawa imeshindwa.

Onyo kubwa: sio kila sumu inagusa damu. Nyoka kama hongo na fira sumu zao mara nyingi zinashika mishipa ya fahamu, tyubu itaganda vizuri kabisa huku kope zinaanguka, mate yanamshinda kumeza na pumzi zinakatika. Kwaiyo macho yako yawe kwenye kope na pumzi, tyubu ni ya upande mmoja tu. Na akija keshachanjwa kwa wembe, kafungwa kamba ya kukaza au kawekewa jiwe la nyoka, usigombane na aliyemleta, fungua kamba kwa uangalifu dripu ikiwa tayari imeingia, na uanze kazi.

## Kuhifadhi tyubu

Hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi, boksi la tyubu lililo wazi juu ya kabati linaota ukungu na vumbi, afu mtu anakuja kulifuta kwa kitambaa chenye sabuni na tumerudi kule kule. Zitie kwenye mfuko wa kufunga au kopo lenye kifuniko, zikae kwenye sinia ya dharura ya kuzalishia pamoja na traneksamiki na kanula, sio maabara iliyofungwa usiku na funguo iko kwa mtu aliyelala Wete. Juu ya kopo andika tarehe mliyolijaribu, dakika iliyoganda damu ya mtu mzima, na jina la aliyejaribu. Tyubu zikibaki nne, agiza.